"Mimi" na "Bwana Rais": Kuitana na Mamlaka katika Tawasifu ya Mimi Alford

Tawasifu za wanawake waliokuwa na mapenzi ya siri na wanasiasa wakubwa aghalabu husomwa kwa swali moja: je, ni kweli? Kwa kitabu cha Mimi Alford, Once Upon a Secret (2012), swali hilo halitufikishi mbali. Miaka tisa kabla ya kitabu kutoka, mwanahistoria Robert Dallek alikwisha kumtaja, bila kumpa jina kamili, katika wasifu wa John F. Kennedy. Alitegemea mahojiano ya Barbara Gamarekian, mfanyakazi wa ofisi ya habari ya Ikulu ya Marekani, yaliyorekodiwa mwaka 1964 na sehemu yake kufungiwa kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2003 gazeti la New York Daily News likamtafuta mhusika na kumpata. Kwa hiyo Alford hakuandika ili kufichua siri, kwani wengine walikuwa wamekwisha kuifichua. Ninalotaka kulichunguza hapa ni lugha anayoitumia kuipokonya habari yake vinywani mwa watu hao.

Msomaji wa Kiswahili anakutana na sadfa ambayo mwandishi hakuikusudia. Jina la utani la mhusika ni kiwakilishi chetu cha nafsi ya kwanza umoja. Kwa takriban miaka 40, "Mimi" aliishi kama nafsi ya tatu: jina katika kumbukumbu za mwenzake wa kazini aliyeeleza, pamoja na mengine, kwamba msichana huyo hakujua hata kupiga chapa. Sadfa haithibitishi kitu, lakini inatusaidia kuuona mwendo wa kitabu, unaotoka "yeye" kuelekea "mimi".

Ukweli wa habari ni mfupi. Katika kiangazi cha 1962, Marion Beardsley (ndilo jina lake la wakati huo), mwenye umri wa miaka 19, aliingia ofisi ya habari ya Ikulu kwa mafunzo ya kazini. Siku ya nne Rais alimpeleka chumbani kwa mkewe. Yaliyoanza siku hiyo yaliendelea kwa miezi 18, hadi muda mfupi kabla ya Kennedy kuuawa. Rais alipompigia simu bwenini chuoni Wheaton alijitambulisha kwa jina la kubuni, Michael Carter. Naye Alford, kwa ushahidi wake mwenyewe, muda wote huo alimwita "Bwana Rais". Hakulitumia jina lake hata faraghani.

Brown na Gilman (1960) walionyesha kwamba pale watu wawili wanapoitana kwa namna isiyolingana, mmoja akitaja cheo na mwingine jina, mamlaka ndiyo inayotawala. Mshikamano unapokua, kuitana huelekea kulingana. Wanandoa huacha "Bwana" na "Bibi", na marafiki huacha vyeo. Miezi 18 ni muda wa kutosha kwa badiliko hilo kutokea, na halikutokea. Tukiunganisha jambo hili na lile analolieleza kwa unyofu mkubwa, kwamba Kennedy hakuwahi kumbusu mdomoni, tunapata picha ya ukaribu wa miili ambao lugha haikuufuata.

Hapa ndipo neno letu "uhusiano" linaponitatiza. Nomino hii imetokana na -husiana, kauli ya kutendana ya -husu. Najua kwamba maana yake imekwisha kuganda, na msemaji wa kawaida haikumbuki -an- anapoitamka. Hata hivyo, mhakiki anayeandika kwamba Alford "alikuwa na uhusiano" na Rais amekwisha kuamua, kwa kiambishi kimoja, jambo ambalo kitabu kinalihangaikia kurasa nyingi. Alford mwenyewe anakataa kuiita siku ile ya kwanza ubakaji. Sioni kwamba mhakiki ana haki ya kumpokonya kauli hiyo, maana amepokonywa kauli vya kutosha. Lakini anakiri pia kwamba hakuona namna ya kumzuia mtu yule. Kati ya "sikulazimishwa" na "nilichagua" kuna nafasi pana, na kitabu kizima kimesimama humo.

Tukio la bwawa la kuogelea linaonyesha hivyo waziwazi. Rais alimtaka amstareheshe msaidizi wake, Dave Powers, huku yeye akitazama, naye akatii. Ndiyo sehemu ya kitabu iliyoandikwa kwa aibu kubwa kuliko zote, na kwa sentensi fupi kuliko zote. Baadaye, alipotakiwa kufanya vivyo hivyo kwa ndugu mdogo wa Rais, alikataa katakata. Wengi wamelisoma kataa hilo kama dalili ya kukomaa, na sina ubishi nao. Ninaongeza tu kwamba hata katika kukataa alimwita "Bwana Rais". Cheo kilibaki mahali pake, na utii ndio uliokatika kwa mara moja.

Si kwamba hakuna upole wowote. Ukurasa unaomwonyesha Kennedy akisoma barua za rambirambi baada ya kifo cha mtoto wake Patrick, Agosti 1963, huku msichana huyu ameketi kando yake, ni wa kuhuzunisha kweli, na Alford hauharibu kwa maelezo. Sura za mwisho, zinazohusu ndoa, talaka na kupona kwake, ni hafifu zaidi. Lugha ya ushauri nasaha inachukua nafasi ya uchunguzi, na kila jeraha linapata fundisho lake kwa haraka inayotia shaka.

Msomaji wa pwani yetu huenda akamkumbuka Sayyida Salme (Emily Ruete), ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mapenzi yaliyomlazimu kuikimbia Unguja mwaka 1866 anayapita upesi, na ujauzito wake hautaji. Kimya hicho alikichagua binti wa Sultani. Cha Alford kilikuwa sharti la mchumba wake, aliyesikia habari usiku wa tarehe 22 Novemba 1963 na kumtaka asiiseme tena kwa mtu yeyote. Ndiyo maana shutuma kwamba angeendelea kunyamaza hainishawishi. Wanaoitoa wanachanganya siri na stara. Maneno hayo hukaribiana masikioni, lakini hayana mzizi mmoja, na hapa stara iliyolindwa haikuwa yake.

Akitokea mfasiri wa kukileta kitabu hiki kwa Kiswahili, kishawishi kitakuwa kubadilisha namna ya kuitana kadiri hali inavyobadilika: "Mheshimiwa" ofisini, "mpenzi" chumbani. Mazungumzo yatasikika ya kawaida zaidi, na hoja yote itapotea. "Bwana Rais" ibaki kila mahali ilipo, hata pale inapochekesha.