Yeyusha au Gandua? Uhakiki wa Istilahi za Friza

Kijikaratasi cha maelekezo kiambatanacho na friza la nyumbani si maandishi ambayo wahakiki wa lugha huyashughulikia. Husomwa na wachache, kisha hutupwa pamoja na boksi. Hata hivyo, kwa mtu wa istilahi hicho ni kipimo kikali kuliko kitabu kinene, kwa kuwa neno lililokosewa humo halimwachi msomaji na shaka tu, bali humtia mkononi chombo kisichofaa. Tuliyatambua hayo tulipokisoma kijikaratasi kimoja kilichofasiriwa kwa Kiswahili, tukiwa pamoja na akina mama wauzao samaki na barafu katika kata ya Dunda, mjini Bagamoyo.

Pale Dunda friza si pambo la sebuleni. Samaki waliokosa mnunuzi jioni hulala humo, na juu yao hupangwa vifuko vya barafu za ubuyu na ukwaju ziuzwazo kwa watoto. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kila mfuniko ufunguliwapo, unyevu huingia, hugusa kuta zenye baridi ya kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, ukaganda. Utando mweupe huongezeka siku hata siku. Ukishanenepa huwa kama blanketi: baridi ya mabomba haiwafikii samaki upesi, mashine huunguruma muda mrefu zaidi, na umeme wa LUKU huisha kabla ya siku zake. Ndiyo maana hushauriwa utando huo uondolewe ufikapo unene wa karibu nusu sentimita.

Sasa tuitazame tafsiri. Kijikaratasi kinaagiza kwamba barafu yote itolewe. Mama mmoja aliuliza mara moja, "Barafu zangu za kuuza, au za friza?" Swali hilo ni uhakiki tosha. Neno barafu limetoka Uajemi, ambako maana yake ni theluji. Pwani yetu likashika maana ya maji yaliyoganda. Na mikononi mwa wachuuzi likawa bidhaa ya kuhesabika, barafu moja, barafu mbili. Mfasiri hakujali kwamba neno limekwisha kuhama mara mbili. Kamusi zetu zina maneno sakitu na jalidi, na huenda mwenzetu mmoja angependa tuchague mojawapo. Si vibaya kuufundisha umma neno lisilojulikana. Istilahi nyingi zilizokubalika zilianza hivyo. Lakini mahali pake ni darasani, katika somo la jiografia, wala si mbele ya mtu aliyeshika ndoo huku samaki wake wanalainika. Sisi tungesema utando wa barafu, basi, na kila mmoja angeelewa.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Mfasiri ametumia gandua. Hatuna budi kukiri kwamba, kama tungeletewa neno hilo mezani, tungelipitisha kwa furaha. Linafuata kanuni: kama funga ilivyozaa fungua, na ziba ikazaa zibua, ndivyo ganda inavyozaa gandua. Ni fupi, ni la Kibantu, halikukopwa kokote, na linapendeza sikioni. Sifa zote tuzitafutazo katika istilahi linazo.

Isipokuwa moja. Katika jiko la Mswahili, kinachoganduliwa ni ukoko uliong'ang'ania sufuria, na ukoko hauganduliwi kwa subira; huganduliwa kwa kijiko, kwa ukucha, kwa ncha ya kisu. Kitenzi kimekuja na mkono wake. Mwambie mtu agandue barafu ya friza, naye atakwenda kuchukua kisu, tena atakuwa amekutii. Lakini nyuma ya utando ule, aghalabu ndani ya bati jembamba la ukutani, yamo mabomba membamba ya aluminiamu yapitishayo gesi ya kupoozea. Ncha ikitoboa bomba, gesi hutoka kwa mlio mdogo na friza huwa kabati. Fundi ataziba tundu na kujaza gesi, kama panazibika. Na kwa muuza samaki bei ya kazi hiyo ni mtaji wa siku nyingi. Zaidi ya hayo, mafriza mengi ya siku hizi hutumia isobutani, nayo ni gesi ishikayo moto. Tulionyeshwa friza moja lililogeuzwa sanduku la kuhifadhia mchele. Mwenyewe hakuwa amesoma kijikaratasi chochote, lakini alipotusimulia alisema, "Nilikuwa nagandua." Neno lilikuwa tayari linafanya kazi hiyo mitaani, mfasiri amelipa muhuri.

Yeyusha je? Nalo lina walakini, kwani humfanya mtu ajione mwenye kazi ya kuleta moto, na tumesikia habari za jiko la mkaa kusogezwa karibu. Hata hivyo kasoro hiyo yarekebishika kwa sarufi ileile: tuseme "acha utando uyeyuke". Katika "yeyuka" hakuna mtenda, na ndivyo ilivyo hasa. Kazi ya mtu ni kuchomoa plagi, kuacha mfuniko wazi, kutandika matambara na kungoja. Akitaka kuharakisha, bakuli la maji ya moto ndani ya friza latosha.

Kuhusu kusafisha, kijikaratasi kinataka kuta zifutwe kwa "maji ya soda". Akina mama walicheka, wakauliza soda ya chungwa au ya kola. Lakini mmoja alidhani ni magadi, na hapo si pa kucheka: magadi ni makali, nayo hula aluminiamu. Kilichokusudiwa ni ule unga mweupe wa kuumulia keki, vijiko viwili katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Kueleza hivyo kunahitaji maneno machache tu.

Neno jokofu, ambalo kijikaratasi hulitumia kwa friji na friza bila kubagua, hatutalijadili kwa kirefu. Ni neno zuri lenye bahati mbaya: wengi hulisikia hospitalini, kwa chanjo na kwa maiti, na pale Dunda hakuna aliyependa liwe karibu na changu wake.

Baraza letu liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kusanifu istilahi ni miongoni mwa kazi zake. Tunapendekeza kwamba maelekezo ya vyombo vya nyumbani yaletwe kwetu kabla ya kuchapwa, na kwamba kabla ya kuyapitisha tuyasome mbele ya watumiaji wake, chombo chenyewe kikiwapo. Kwa sasa sentensi moja ya kijikaratasi kile twaweza kuiandika upya hivi: "Chomoa plagi, toa vyakula na vifuko vya barafu uvifunike kwa blanketi, kisha acha utando wa barafu uyeyuke wenyewe, usitumie kisu."

Tuliposoma hivyo, yule mama aliyeuliza swali la kwanza alitaka kujua ni saa ngapi za kungoja. Kijikaratasi hakikusema.