Kumpima Fundi kwa Maji

Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na anayejenga huku ana adui mmoja wa kudumu: maji. Yanashuka na mvua ndefu kati ya Machi na Mei, yanarudi kuanzia Oktoba, na Julai, mvua zikishaisha, yananing'inia hewani kama ukungu mpaka karibu adhuhuri. Mwenye nyumba aliye na pesa za kurekebisha, si za kujenga upya, hana haja ya kujua ufundi wote. Kila kazi aitazame kwa swali moja: tone likianguka hapa, litaenda wapi?

Nazungumzia hasa nyumba ya mbao, ile ya vyumba vitatu vinne na paa la mabati, iliyojengwa kwa pesa za kahawa au majani chai, na ambayo bado imesimama huko Tetu, Othaya na Mathira. Vijana wengi huionea aibu. Wanaibomoa ili waweke ya mawe, kisha ya mawe inakwama kwenye linta miaka na miaka huku familia ikilala kwa shangazi. Ikague kwanza.

Anza chini. Chukua bisibisi uichome kwenye nguzo, pale inapogusana na udongo, na kwenye ubao wa chini kabisa. Nguzo ikiwa ya mtarakwa, bisibisi itagoma hata kama nyumba ni ya enzi za babu. Mti huo una mafuta ambayo mchwa hawayapendi. Ikizama kama kwenye kiazi kilichoiva, basi pesa za kwanza ziende hapo. Fundi anayejua kazi ataiinua nyumba kwa jeki, pembe moja baada ya nyingine, akate palipooza, ajenge msingi mfupi wa mawe na kulaza karatasi ya kuzuia unyevu kati ya jiwe na mbao. Asiyejua atapigilia ubao mpya juu ya uliooza na kupaka rangi. Ukikuta rangi mbichi kwenye futi moja ya chini peke yake, uliza imeficha nini. Tazama pia doa jekundu ukutani: ule ni udongo uliorushwa na matone ya paa. Msingi mpya usipopita kimo cha doa hilo, utarudia kazi hiyohiyo, na gata ikikosekana utairudia mapema zaidi.

Mbao mpya ndizo zinazodanganya wengi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, ikawa inaongeza muda mara kwa mara, hadi Rais Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Katika miaka hiyo watu waligeukia saiprasi na mukima wa mashambani, na miti michanga nayo haikusazwa. Kwa hiyo usinunue kwa jina la mti. Tazama kichwa cha ubao: ukiona kiini cha mti katikati ya kipande cha mbili kwa tatu, kimetoka kwenye mti mwembamba na kitajipinda kikikauka. Inua vipande viwili vya kipimo kimoja. Kilicho kizito zaidi huenda bado kimebeba maji. Kisha funga jicho moja utazame kwa urefu, jinsi unavyolenga manati.

Na mbao za kijani zinazouzwa kuwa zimetiwa dawa? Omba zikatwe inchi chache mwishoni. Dawa iliyosukumwa kwa mtambo huingia ndani ya nyama ya mti. Ukiona kijani kwenye ngozi tu na katikati pameupe mpaka ukingoni, umeuziwa rangi.

Paa sasa. Namba ya geji inakwenda kinyume: kadiri inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo la 28 ni nene kuliko la 30. Lakini hata bati zuri huharibiwa na nyundo. Msumari unatakiwa upigwe kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni maji yanapopita, na mpira wake ukae bila kupasuka wala bati kubonyea. Panda darini mchana na uzime tochi. Kila kitobo kitajionyesha chenyewe kwa mwanga.

Hapa Nyeri kuna uvujaji mwingine ambao si wa mvua. Usiku wa Julai, mvuke wa jikoni na pumzi za waliolala hugonga bati baridi na kudondoka, na watu hudhani paa limetoboka. Dawa yake ni silingi, pamoja na matundu ya hewa chini ya mapaa. Fundi anayeziba kila mwanya ili nyumba iwe na joto anakuletea kuvu nyuma ya kabati. Ukihamia Nanyuki, upande wa Mlima Kenya usio na mvua nyingi, mizani inabadilika: huko jua na upepo ndio wenye shida, mbao hupasuka, na jicho lako lianze na madirisha na miunganiko.

Plasta haihitaji maneno mengi. Igonge kwa sarafu ukutani kote. Inapolia kwa uwazi, haikushika. Sakafu mpya imwagiliwe maji kwa siku saba, hata kukiwa na baridi, na anayekwambia baridi inatosha anataka kufunga kazi mapema. Waya za umeme mwachie mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Hapo usibane matumizi.

Rangi ije mwisho, na pesa zikiisha kabla yake, nyumba haitakufa.

Kuhusu malipo: nunua vifaa mwenyewe, mlipe fundi wa paa kwa hatua, na ushike sehemu ya leba mpaka mvua moja kubwa inyeshe. Mkubaliane hivyo mbele ya shahidi kabla bati la kwanza halijapanda. Kazi ikiisha Januari, hakuna haki ya kumsubirisha mtoto wa watu hadi Machi. Leta mpira wa maji, umwagie kila kiungo cha paa robo saa huku yeye amesimama ndani na wewe, kisha mlipe.