Kuacha sigara kwa kufuata mwezi

Mwaka 2013 Marie Helleberg na wenzake wa Denmark walichapisha hesabu inayopaswa kujulikana katika kila kliniki ya VVU (CTC). Mtu wa miaka 35 mwenye VVU, aliye kwenye tiba, akivuta sigara hupoteza miaka 12.3 ya maisha kwa sababu ya tumbaku na 5.1 kwa sababu ya virusi. Denmark si Ujiji, Kigoma, lakini nasi tumesogea upande huo: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wa Tanzania wanaotumia ARV, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubaa. Mvutaji aliyefika hapo anaweza kuwa na adui mkubwa zaidi mfukoni mwake.

Mojawapo ya mbinu zilizochunguzwa kwa wavutaji wenye VVU ilitengenezwa Bronx, New York, na daktari Jonathan Shuter na wenzake, ikaitwa Positively Smoke Free. Ni vikao 8 vya kikundi, vinavyoongozwa na mtaalamu pamoja na mtu anayeishi na VVU. Huyo wa pili ndiye moyo wa kazi yenyewe, kwa sababu mgonjwa aliyezoea kuambiwa "acha" na kila mwenye koti jeupe humsikiliza tofauti mwenzake anayemeza kidonge kilekile. Katika jaribio la watu 145, lililochapishwa mwaka 2012, walioacha ndani ya miezi 3 walikuwa asilimia 19.2, dhidi ya 9.7 ya waliopewa ushauri wa kawaida.

Jaribio kubwa zaidi lililofuata lilionyesha tofauti hiyo kwenye miezi 3, lakini ilipofika miezi 6 ilikuwa imeyeyuka. Seth Himelhoch na wenzake walipoipeleka mbinu hii Nairobi waliijaribu pamoja na dawa, bupropioni.

Dawa nayo ina mambo yake. Efavirenzi huharakisha ini kuivunja bupropioni, hivyo nguvu yake hupungua. Dolutegraviri, ambayo sasa wengi wetu wanaitumia, haina tatizo hilo. Tahadhari inabaki kwa anayemeza isoniazidi ya kukinga TB, kwani dawa hiyo na bupropioni zote mbili zinaweza kuchochea degedege. Vareniklini ni rahisi zaidi kuiunganisha na ARV, maana karibu yote hutoka kwa njia ya figo bila kuvunjwa. Katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2018, watu wenye VVU walioitumia na kukaa bila sigara hadi karibu mwaka mzima walikuwa asilimia 15, dhidi ya 6 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Asilimia 15 si nyingi, na bado ni zaidi ya maradufu.

Sasa tuje mwaloni. Mgonjwa aliyetulia hupewa ARV za miezi 3 au 6 kwa mkupuo, utaratibu mzuri sana kwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika, wa Kibirizi au Katonga, asiyekaa mahali pamoja. Kwa sigara unageuka kuwa kasoro: kiu ya nikotini huwa kali zaidi siku chache za mwanzo, na wengi hurudia kuvuta ndani ya wiki za kwanza. Atakaporudi kliniki vita imekwisha zamani.

Kwa hiyo ufuatiliaji inabidi ufanywe na WAVIU washauri, yaani wenzao wanaoishi na VVU, kwa simu na kwa miguu, tena kwa kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na sigara ndiyo ya kufukuza usingizi na baridi. Mbalamwezi ikianza mitumbwi hupumzika. Siku ya kuacha iwekwe hapo, ili siku ngumu zimkute mtu nchi kavu, amelala usiku. Najua mbalamwezi ni msimu wa pombe pia, na pombe hurudisha sigara haraka. Mshauri alizungumze hilo mapema, mke au mume akiwepo kama mgonjwa ameridhia.

Kuna nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Dozi ya vareniklini ni wiki 12, inaingia yote katika muda huo. Ziwa likifungwa tena, palipo na dawa ianze wiki ya kwanza. Pasipo na dawa, vikao 8 vinatosha kukamilika, na simu za mshauri ziendelee mpaka mtumbwi utakaporudi majini, kwa sababu usiku huo wa kwanza kazini ndio utakaompima.