Birika Linaona Nini

Mama mmoja anayeuza chai jirani na makarasha ya kusagia mawe hapa Bugarama alinitaka nimtengenezee bango. Maneno alikuwa nayo tayari: chai ya maziwa, chapati, supu asubuhi. Katikati alitaka birika. Si birika la kupakua. "Hayo ya kwenye mtandao ni ya watu wengine, mwanangu," alisema. "Weka hili langu, vijana wanalijua." Nikalipiga picha kwa simu, mvuke ukaingia kwenye lenzi, picha ikatoka na ukungu. Nikarudi dukani nikaamua kulichora upya kwenye kompyuta, tangu kitako hadi kifuniko. Kazi niliyoikadiria jioni moja ilinila siku nne. Nachambua hapa siku hizo zilikwenda wapi, maana birika lenyewe, kama umbo, lilimalizika kwa nusu saa. Muda uliobaki wote nilikuwa nachora Bugarama.

Nilitumia GIMP kwa sababu ni bure na haililii intaneti. Spencer Kimball na Peter Mattis waliianza mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na imeendelea kutengenezwa na watu wa kujitolea. Mwenye Photoshop atafanya hayahaya kwa vitufe vya majina mengine. Kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta sina, nina kipanya cha waya.

Kabla ya mstari wa kwanza kuna hesabu ambayo wengi huiruka, halafu kompyuta ikiganda wanailaumu. Bango lilikuwa la mita 2 kwa 1. Ukifuata ile kanuni ya pikseli 300 kwa inchi, unapata picha ya pikseli 23,622 kwa 11,811, yaani milioni 279, na kwa kuwa kila pikseli inabeba baiti 4, leya moja tu, yaani tabaka moja kati ya yale unayoyapanga juu ya mengine, inameza zaidi ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Kompyuta yangu ina 4. Lakini 300 ni kanuni ya kitabu, kitu unachokishika mkononi. Bango husomwa na mtu wa bodaboda akiwa mita 5, na kwa umbali huo jicho zima haliwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu kuliko milimita moja na nusu hivi. Pikseli 50 kwa inchi zinatoa nukta ya nusu milimita, ndogo mara tatu ya inavyohitajika. Nikachora kwa pikseli 3,937 kwa 1,969. Leya moja ikala megabaiti 31, nikawa na nafasi ya leya ishirini na zaidi bila mashine kulalamika.

Umbo nililichora kwa mikunjo ya Bézier, ile mistari yenye vishikio viwili unavyovivuta mpaka mkunjo utulie. Jina ni la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitangaza hesabu hiyo miaka ya 1960 kwa ajili ya bodi za magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia kabla yake, ila kampuni yake ilikaa nayo kimya. Siri ya mikunjo hii ni uchache wa vituo. Ubavu wa birika niliuchora kwa vituo vinne. Anayeanza huweka ishirini akidhani anaongeza usahihi, na birika lake linatoka na vinundu kama muhogo. Nikachora ubavu mmoja, nikaunakili na kuupindua uwe ubavu wa pili.

Mahali ambapo wachora vibao wengi wa njia ya Kahama huanguka ni kitako. Wanakikata kwa mstari ulionyooka, birika likakaa kama limepigwa panga. Kitako ni duara, na ukilitazama duara kutoka juu kidogo linakuwa duaradufu. Kifuniko nacho ni duaradufu, lakini chembamba zaidi, kwa sababu kiko karibu na usawa wa macho yako. Kadiri unavyoshuka, duaradufu linanenepa. Ukiyachora yote mawili kwa unene mmoja, jicho la mteja litakwambia kuna kitu hakijakaa sawa hata kama mdomo wake hautajua aseme nini.

Birika, kwa taarifa yako, ni miongoni mwa vyombo vya nyumbani vilivyochorwa sana na kompyuta duniani. Mwaka 1975, Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alihitaji umbo la kujaribia programu zake. Mkewe, Sandra, akamshauri achukue vyombo vyao vya chai. Alilichora birika lao la Melitta kwenye karatasi ya grafu, akaingiza namba kwenye mashine, na tangu hapo watafiti wa picha za kompyuta wamekuwa wakirithishana namba zilezile. Birika halisi limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California. Ninalolipenda katika kisa hicho ni hili: birika la kwanza la Newell kwenye kompyuta halikuwa na kitako. Kiliongezwa baadaye. Huku kwetu, ambako kitako ndicho kinachokaa motoni tangu alfajiri, asingeweza kukisahau.

Sasa rangi, na hapa ndipo siku zilipopotelea. Siku ya kwanza nilipaka kijivu: cheupe kushoto, cheusi kulia, mpito laini katikati. Likatoka birika la saruji. Siku ya pili nikachukua ule mpito wa rangi wa kromu uliozoeleka kwenye programu hizi, bluu juu, nyeupe, kisha mstari mweusi wa upeo wa macho, kisha kahawia chini. Kwa nchi ya udongo mwekundu kama huku unakaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Lakini sasa nilikuwa na bampa la gari, si birika.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, nikaenda nikachuchumaa mbele ya birika lenyewe na daftari. Mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa naandika kile ambacho birika linaona. Alumini haina rangi ya kusema ni yake. Inarudisha mwanga mwingi na haichagui, ukiiwekea nyekundu inatoa nyekundu. Bega la birika, kwa kuwa limelala likitazama juu, lilikuwa na anga jeupe na ukingo wa bati. Tumboni kulikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma, mlango, na utepe wa bluu ambao nilihangaika nao mpaka nikageuka nyuma: turubai la jirani. Chini ya tumbo, pale panapoinama kutazama ardhi, palikuwa na moramu tupu. Na katikati kabisa palisimama kivuli chembamba cheusi. Nikasogea kushoto, nacho kikasogea. Ni mimi.

Kila kimoja nikakiweka kwenye leya yake. Vitu vya katikati vinabaki na upana wake, ila kadiri unavyokaribia ukingo wa tumbo vinabanana, mlango unakuwa kama ufito, kwa sababu sehemu ile ya mviringo inakusanya upande mzima wa mtaa ndani ya upana wa kidole. Ndiyo maana ukingo wa birika halisi hauishii kwenye giza kama tulivyofundishwa kupaka chungu. Kuna mstari mwembamba wa mwanga unaorudi. Leya ya turubai niliichora mara mbili, umeme ulikatika sijahifadhi na betri yangu ni ya heshima tu.

Kosa la bampa nililielewa hapo pia. Kromu ni kioo. Birika hili limesuguliwa kwa mchanga na stili wulu miaka mingi, na mikwaruzo yake inalizunguka kama pete. Mikwaruzo ya namna hiyo inatawanya mwanga kukata njia yake: pete zikiwa za mlalo, mwanga unanyooka wima. Nikachukua zile leya zote, nikazipitishia ukungu wa mwelekeo mmoja, nyuzi 90, juu na chini tu. Ule mstari mkali wa upeo ukayeyuka, anga likateremka kidogo kwenye ukuta, moramu ikapanda. Likawa alumini. Nilikaa nikalitazama kama dakika kumi bila kugusa kitu.

Kifuniko kinafuata kanuni hiyohiyo kwa sura nyingine. Pete zake zina kitovu kimoja, hivyo mwanga unatoka kitovuni kwenda pande mbili kama mabawa ya kipepeo. Angalia kifuniko cha sufuria jikoni kwako na ukizungushe: mikwaruzo inazunguka, mabawa hayazunguki. Kwenye programu huo ni mpito wa rangi wa aina ya pia, dakika mbili umemaliza.

Nilipofuta ile taswira yangu katikati, nikiona haya kujitangaza kwenye bango la mtu, tumbo lilikufa. Likawa pana na tupu. Nikairudisha, nikaipunguza nguvu hadi asilimia 60. Nimo kwenye bango mpaka leo, mwembamba, bila uso.

Kivuli cha ardhini ni jambo la saa na la hesabu. Huku tuko nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi au mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini, kivuli kinajificha chini ya chombo. Ndiyo sababu nilichora birika la saa tatu. Wengi hupaka kivuli cheusi, kwa hiyo ardhi inageuka lami. Mimi nilikipaka zambarau hafifu, namba 120, 110, 140 za nyekundu, kijani na bluu, nikakiweka kwenye hali ya kuzidisha, ambapo programu inazidisha namba za leya mbili na kugawa kwa 255. Moramu yangu ya 176, 96, 58 ikashuka kuwa 83, 41, 32. Ni moramu bado, iliyokosa jua. Chini ya kitako kabisa nikaongeza uzi mweusi, mwembamba, usio na ukungu. Bila uzi huo birika linaelea.

Masizi ndiyo yaliyoleta ugomvi. Niliyatengeneza kwa brashi ya madoa, rangi ya 38, 30, 27, na hapa ile hali ya kuzidisha haifai. Masizi hayang'ai. Ukiyazidisha juu ya alumini, taswira ya moramu inaendelea kuonekana ndani yake na unapata kioo cha moshi. Lazima yafunike kabisa. Nikayapandisha kutoka kitakoni, yakikatika kwa ulimi ulimi pale moto unapolamba. Nikabonyeza na ubavu wa kushoto, chini kidogo ya mdomo, mahali birika lake lilipobonyea: mwanga juu, giza chini, na mstari wa tofali ukipinda ndani ya bonde.

Nikampelekea kwenye kompyuta. Akavuta kiti, akatazama bila kusema. Kisha akagusa kioo cha kompyuta pale palipobonyea. "Hapa mjukuu wangu aliliangusha kisimani," akasema, akacheka. Kidole kikashuka. "Na huku chini? Mimi siuzi chai kwenye birika chafu. Lioshe."

Nikamweleza kuhusu uhalisia, nikamwambia hilo la jikoni liko hivyohivyo sasa hivi. Akaniambia la jikoni liko jikoni.

Rangi zilinisumbua kidogo kwa mchapaji: bluu ya turubai ni ya mwanga, wino hauifikii, ilitoka ya zambarau kwenye kipande cha majaribio nikaipunguza ukali. Bango limetundikwa. Kitako kinang'aa kama siku kilipotoka dukani. Leya ya masizi imo bado ndani ya faili, jicho lake la kuionyesha nimelifumba.