Misa Luba na Walimu wa Kamina

Tukishuka kwa reli kutoka Kindu, tukapita Samba, Kongolo na Kabalo, mwisho tunafika Kamina, katika nchi ya Wabaluba wa Katanga. Ni mbali na Lusangi yetu, lakini si nchi ya kigeni: Kiswahili kinasikika kule kama kinavyosikika Kasongo na Kabambare. Katika mji ule, watoto wa shule na walimu wao waliimba Misa ambayo ilitiwa katika santuri mwaka 1958, na hata leo dunia yote inaisikiliza. Jina lake ni Misa Luba. Watu wengi wameisifu. Sisi tunataka kuipima kidogo: ni nini kilicho chema ndani yake, ni nini kilichopungua, na inatufundisha nini sisi wenye watoto, wenye walimu na wenye kwaya.

Kwanza habari yenyewe. Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina akapewa kuongoza shule. Mwaka uliofuata alikusanya kundi la waimbaji na wapiga ngoma: wavulana kama 45 wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu kama 15 wa shule ileile. Kundi liliitwa kwa jina la mfalme wa Wabelgiji wa siku zile, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba Misa yao mara ya kwanza katika misioni ya Kamina. Mwaka huohuo walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho Makubwa ya Brussels. Santuri ilitolewa na kampuni ya Philips. Upande mmoja una Misa, upande wa pili una nyimbo za kienyeji za arusi, za kazi, za askari na za kumaliza matanga.

Tukumbuke hali ya Kanisa wakati ule. Misa ilisomwa kwa Kilatini, na katika misioni nyingi watoto walifundishwa nyimbo za Kigregori na nyimbo za Ulaya. Ngoma ilibaki nje ya mlango, kwa sababu wengi waliiogopa kuwa ni mambo ya kipagani. Hata hivyo Papa Pio XII, katika barua yake ya Krismasi ya mwaka 1955 juu ya muziki mtakatifu, alikuwa amewahimiza wamisionari wautumie moyo wa kuimba walio nao watu wa nchi za misioni. Mtaguso wa Vatikano ulisema wazi zaidi mwaka 1963. Basi wale wa Kamina walifika kabla ya Mtaguso, mlango ukiwa umefunguka kidogo tu, wakapita na ngoma zao.

Sasa tuisikilize Misa yenyewe. Maneno ni yale ya Misa ya Kilatini, hakuna hata neno moja la Kiluba. Lakini mtu akisikia mwanzo wa Kyrie anajua mara moja kwamba hayuko Ulaya. Sauti moja inaita, kundi linaitikia. Wimbo umefuata namna ya kasala, maombolezo ya Wabaluba wa upande wa Ngandajika katika Kasai. Sisi twaona kwamba uchaguzi huu ni wa busara kweli. Nani anayejua kuomba huruma kuliko mtu aliyefiwa? Mwombolezaji hapambi sauti yake ili asifiwe. Analia kwa sababu hana msaada mwingine. Ndivyo inavyompasa Mkristu kusimama mbele ya Mungu mwanzoni mwa Misa. Mwalimu wa katekisimu angeweza kulieleza jambo hilo saa nzima. Wale watoto wanalieleza kwa wimbo mmoja.

Katika Sanctus walichukua wimbo wa kuagana wa Kiluba. Hapa msomaji anaweza kuuliza: kwa nini wimbo wa kuagana mahali pa kumtukuza Mungu pamoja na malaika? Tunajibu kwa fikira zetu wenyewe. Baada ya Sanctus padri anakumbuka usiku ule Bwana wetu alipokaa mezani na wanafunzi wake mara ya mwisho. Usiku ule ulikuwa usiku wa kuagana. Kwa hiyo sauti zile za watoto, zinazoanza polepole kama za watu wanaosindikiza mgeni mpaka mtoni, zinatuandaa vema. Halafu inakuja Hosana, na mwendo unabadilika: ni mwendo wa kucheza wa Kasai, maana Yeye anayekuja kwa jina la Bwana hapokewi kwa mikono mitupu wala kwa miguu iliyokauka. Na Agnus Dei imetoka katika wimbo wa Bena Lulua. Basi ndani ya Misa moja mna matanga, safari, ngoma na kijiji. Maisha yote ya mtu yameletwa altareni.

Jambo lingine tunalotaka kulisifu ni namna ya kufundisha. Misa hii haikuandikwa kwa nota kwanza. Watoto na walimu waliitengeneza kwa kuimba pamoja, mmoja akileta hiki, mwingine akiongeza kile, mpaka wimbo ukasimama. Nota za kuchapwa zilitokea baadaye, mwaka 1969, huko Marekani. Tuifananishe kazi hii na ile ya Joseph Kiwele, mzaliwa wa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, aliyefundisha muziki Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, naye akafa mwaka 1961. Kiwele alikuwa fundi aliyejua nota na kinanda kama wataalamu wa Ulaya, akajaribu kuunganisha elimu hiyo na nyimbo za kwao. Njia yake ni njia ya mwandishi. Njia ya Kamina ni njia ya kikao cha jioni. Zote mbili ni njema, lakini ile ya pili inaweza kufuatwa hata na shule isiyo na kinanda wala karatasi, na shule za namna hiyo kwetu ni nyingi.

Tumesifu, sasa tuseme yaliyopungua, maana sifa bila kipimo si heshima.

La kwanza ni majina. Juu ya kifuniko cha santuri Padri Haazen ametajwa kuwa ndiye aliyeitengeneza Misa. Hatutaki kumnyima haki yake: bila yeye kundi lisingekusanyika, na ujasiri wa kupeleka ngoma kanisani ulikuwa wake. Lakini kasala hakuijua yeye kwanza. Waliomletea ni watu wa nchi. Mmoja wao twamjua kwa jina: Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ileile, ambaye sauti yake ndiyo inayoita na kundi likaitikia. Wataalamu waliochunguza Misa hii miaka ya baadaye wameuliza kama sehemu ya Ngoi katika kuitunga haikuwa kubwa kuliko ilivyotajwa. Sisi si mahakimu wa shauri hilo. Ila twasema hivi: sikio linatoa ushahidi wake. Anayesikiliza anamsikia mwalimu akiongoza na watoto wakimfuata, naye mwalimu huyo ni Ngoi. Na wale wavulana wa miaka tisa na kumi, ambao sauti zao zimefika kila bara, ni wangapi wanaotajwa kwa jina? Hata kundi lenyewe halikuitwa kwa jina la kijiji chao wala la mtakatifu wao, bali kwa jina la mfalme wa mbali. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikapata uhuru, na jina lile likabaki juu ya santuri kama koti la mtu mwingine.

La pili ni njia ambazo santuri imepita. Gloria ya watoto wa Kamina ilitiwa katika filamu ya Pasolini juu ya Injili ya Mtakatifu Matayo mwaka 1964, na hapo twasema ni mahali pake. Lakini Sanctus iliingia katika filamu nyingine ya Kiingereza mwaka 1968, yenye habari za vijana walioasi shule yao kwa bunduki. Mwaka uliofuata wimbo huohuo uliuzwa Uingereza pamoja na nyimbo za dansi. Wengi walioununua hawakujua kwamba ni sala. Tusiwalaumu wote, pengine Mungu alimgusa mmoja wao kwa njia hiyo. Lakini tujue kwamba wimbo ukishatoka mikononi mwa wenyewe, hakuna awezaye kuufuata na kuuambia: keti hapa, usiketi pale.

La tatu, nalo kwetu ni kubwa kuliko yote: santuri imeihifadhi Misa, na tena imeigandisha. Watoto wale hawakuimba siku zote sawasawa. Kila mara mwitaji aliweza kuongeza na kundi likajibu kwa namna yake. Mashine ilishika siku moja tu. Leo kwaya za Ulaya na Marekani zinashika karatasi na kuimba siku ile moja tena na tena. Kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliimba Misa Luba upya katika santuri ya mwaka 1990, na twaona wamefanya vema, kwa sababu walileta sauti zao wenyewe badala ya kuiga za Kamina. Mfano wao ndio wa kufuatwa.

Basi urithi wa walimu wa Kamina ni nini? Wengine watasema ni umaarufu. Twaweza kutaja wimbo wa askari uitwao Banaha, uliomo katika upande wa pili wa santuri, ambao leo watoto wa shule katika nchi nyingi za dunia wanafundishwa, ingawa hawawezi kuionyesha Kamina katika ramani. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini siku hizi si parokia nyingi za Kongo zinazoimba Misa Luba altareni, kwa sababu watu wanasali kwa lugha zao. Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, yaani Kongo yetu ya leo, ilikubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, nayo imetupa nafasi ya kumwimbia na kumchezea Mungu kwa desturi zetu. Tukitafuta urithi wa Kamina katika Kilatini chake hatutauona. Tuutafute katika lile jambo moja walilolifanya: waliwauliza watoto na walimu wao, ninyi kwenu mnaimbaje mkiwa na huzuni, mnaimbaje mkiagana? Kisha wakaamini kwamba majibu yao yanafaa kwa Mungu.

Swali hilo linatuhusu sisi wa Lusangi na wa Kasongo na Kabambare yote. Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengine wa upande wetu wana nyimbo za matanga, za arusi, za kutwanga na za kulea. Nani anazijua leo? Wazee wengi wamekufa. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, na fujo zilizofuata, viliwatawanya watu porini na mijini, na nyimbo zikatawanyika pamoja nao. Watoto wetu wanajua nyimbo za redio za Kinshasa kuliko za bibi zao. Kwaya nazo zinajifunza kwa kusikiliza simu, zikiiga hata kikohozi cha mwimbaji wa mbali! Mali ya jirani ni njema, lakini asiyejua ghala yake ataomba unga kila siku.

Tunawasihi walimu wa shule na waongoza kwaya wafanye mambo matatu. La kwanza, wawaite akina mama na wazee mbele ya watoto, waimbe walichopokea, watoto waitikie. La pili, wachague kwa akili ya imani kama walivyochagua wale wa Kamina: wimbo gani unalia, wimbo gani unashukuru, upi unafaa kwa Misa na upi ubaki uwanjani. Padri wa parokia aulizwe, maana si kila wimbo mzuri ni sala. La tatu, siku hizi simu moja yaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji mashine ya Ulaya. Basi mkishika sauti za watoto, andikeni tarehe na mahali, na jina la bibi aliyeuleta wimbo, na la mwalimu aliyeufundisha. Majina ya watoto wote yaandikwe katika daftari la parokia, na sauti zao zisipelekwe nje bila ruhusa ya wazazi.

Mchungaji mwema, yasema Injili ya Yohane, anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Wale wavulana wa Kamina Mungu anawajua wote, hata kama kifuniko cha santuri hakiwajui. Tuwaombee, wao na mwalimu Ngoi na Padri Haazen. Nasi tusingoje mgeni aje kutuambia kwamba nyimbo za kwetu ni nzuri.