Game Boy ya Muziki: Sikiliza Kimya Kwanza

Anayenunua Game Boy iliyofanyiwa ufundi wa sauti huwa na swali moja mdomoni: inapiga kwa nguvu kiasi gani? Katika maswali yote ambayo angeweza kuuliza, hilo ndilo lisilofaa zaidi. Ufundi wenyewe, ambao wenye kazi hiyo huuita prosaundi, haukuzi sauti. Unaichukua mapema, pale kwenye gurudumu la sauti, kabla haijaingia katika amplifaya ndogo ambayo Nintendo waliiweka kwa ajili ya spika ya ndani na hedifoni. Sauti iliyochukuliwa mapema haijakuzwa, kwa hiyo kwa kawaida hutoka dhaifu kuliko ile ya tundu la hedifoni, na udhaifu huo si kasoro. Kukuza ni kazi ya miksa, yenye umeme wa kutosha na nafasi ya kutosha. Ila kuna mambo mawili ambayo miksa haiyawezi: kuondoa kelele zilizokwisha kuingia, na kurudisha besi iliyokwisha kupotea. Basi kazi ya fundi ipimwe kwa kimya chake kwanza, kisha besi. Ukubwa wa sauti uje mwisho, kama kuna haja ya kuupima.

Tuifuate sauti tangu inapozaliwa. Game Boy ya kwanza, ya mwaka 1989, ina chaneli nne: mbili za mawimbi ya mraba, moja ambayo mpigaji huichorea wimbi lake mwenyewe kwa vituo 32, na moja ya mchakacho inayotumika kama ngoma na matoazi. Ilikuwa sauti ya michezo tu mpaka mwaka 1998, Oliver Wittchow alipoanza kutengeneza Nanoloop huko Hamburg, na baada yake Msweden Johan Kotlinski akaleta LSDJ. Kwa programu hizo mbili gemu ya mtoto ikawa ala. Na ala hii inashuka chini kuliko wengi wanavyodhani: noti ya chini kabisa ya chaneli za mraba ni hezi 64, na ya chaneli ya wimbi ni hezi 32. Spika iliyomo ndani, ndogo kama kifuniko cha chupa ya maji ya dukani, haina uwezo wa kusukuma hewa kwa hezi 32. Anayeijua Game Boy kwa spika yake tu hajawahi kuisikia nusu ya chini ya ala hii.

Tundu la hedifoni linatoa zaidi, lakini kwa masharti: sauti hupitia kapasita kabla ya kulifikia. Chukua mfano wa hesabu: kapasita ya maikrofaradi 100 ikisukuma hedifoni ya omu 32 huanza kukata sauti zilizo chini ya hezi 50 hivi, na noti ya hezi 32 hufika masikioni volti zake zikiwa karibu nusu. Hapo mjuzi wa umeme atapinga, na atakuwa na haki. Atasema kapasita ileile ikichomekwa kwenye miksa yenye omu 10,000 haikati kitu kinachosikika, kwa hiyo besi iliyopungua ilikuwa kosa la hedifoni, na anayepiga kupitia miksa anatobolewa gamba la mashine yake bila sababu. Kwa kapasita hiyo, ni kweli tupu. Lakini amplifaya bado iko njiani, na kelele zake ziko pamoja nayo, na kapasita zenyewe zina umri wa miaka zaidi ya 30, umri ambao kapasita za aina hiyo huwa zimeanza kukauka. Pingamizi hili haliuui ufundi, linauweka mahali pake. Faida ya kudumu ya kuchukua sauti mapema ni usafi, na ndiyo maana kimya kinatangulia.

Kusikiliza kimya hakutaki vyombo, kunataka subira. Weka betri mpya nne, washa mashine ikiwa na programu ya muziki isiyopiga noti yoyote, fungua miksa mpaka pale wimbo ungekaa, halafu ongeza kidogo. Kelele utazisikia tu. Game Boy iliyo bubu kabisa haipo. Cha kutazama ni kelele ya aina gani. Mchakacho laini usiobadilika, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili, ni wa mashine yenyewe na muziki ukianza haumkeri mtu. Mluzi mwembamba unaobadilika kila ukibonyeza kitufe au ukihama ukurasa kwenye kioo ni habari nyingine: umeme wa prosesa na wa kioo umevuja hadi kwenye waya wa sauti. Mara nyingi fundi amelehemu ethi popote palipong'aa karibu naye, badala ya kuichukua pale penye gurudumu la sauti. Au waya mrefu umepitishwa juu ya kibao kidogo cha umeme, kile kinachozibadili volti 6 za betri kuwa volti 5 za prosesa na volti hasi za kioo. Kibao hicho ni mpiga kelele kwa asili yake. Waya wa sauti ukipita jirani yake haunusuriki.

Halafu kuna taa. Mashine ya 1989 haikuwa na taa ya kioo, na wanaopiga kwenye kumbi za giza huiongezea, wengine hubadili kioo kizima kwa kile cha kisasa. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Punguza mwanga, ongeza mwanga, na kama una swichi zima kabisa. Mluzi ukikatika papo hapo, mshtakiwa amepatikana. Fundi makini huweka kapasita kati ya umeme wa taa na ethi ili kuutuliza, na atakwambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Asiyejua unazungumzia nini amefunga taa na sauti kama vitu viwili visivyojuana.

Wapo watakaosema kelele ndiyo tabia ya ala hii, na kwamba anayetaka usafi atumie programu ya kuigiza Game Boy kwenye kompyuta. Sehemu ya pili naikubali bila ubishi: mwenye kuridhika na uigizaji hahitaji fundi, na pesa yake ibaki mfukoni. Sehemu ya kwanza inachanganya mambo. Ukwaruzo wa wimbi la vituo 32 ni tabia ya ala. Mluzi wa taa iliyofungwa juzi si tabia ya ala, ni tabia ya fundi. Na hata anayependa uchafu afikirie hili: kwenye miksa uchafu unaongezwa wakati wowote na kwa kipimo unachotaka, lakini uliokwisha kuchanganyika na sauti hautoki.

Besi nayo ina kipimo kinachoonekana kwa macho. Rekodi noti ya hezi 64 ya wimbi la mraba, mara moja kupitia jeki mpya aliyofunga fundi na mara moja kupitia tundu la hedifoni huku hedifoni zikiwa zimechomekwa, kisha ikuze kwenye kioo cha kompyuta. Juu ya kila wimbi pangekuwa bapa kama paa la zege. Besi inapokatwa panainama kama paa la banda la kuku. Usidai ubapa kamili, kwa sababu mashine ina kichujio chake yenyewe. Linganisha mwinamo wa rekodi hizo mbili: kama jeki mpya inainama sawasawa na hedifoni au kuzidi, fundi ameweka kapasita ndogo mno njiani, au hakuchukua sauti pale alipodai. Na usilinganishe mashine za aina tofauti. Kichujio cha Game Boy Color ya 1998 kinakata zaidi kuliko cha ile ya kwanza, na cha Advance kinakata zaidi bado. Anayekuuzia Color kwa ahadi ya besi ya mashine ya 1989 anauza asichokuwa nacho.

Kushoto na kulia ni kazi ya dakika moja. Chaneli za Game Boy hupelekwa kushoto, kulia au pande zote mbili, bila daraja la katikati. Peleka moja kushoto tu na usikilize kulia. Mnong'ono hafifu unavumilika. Pande zikiwa zimegeuzwa, fundi hakujaribu kazi yake kabla ya kukukabidhi, na hapo una haki ya kujiuliza ni nini kingine hakukijaribu.

Linabaki suala la tundu, na hapa sina msimamo mkali kama wengine. Kuna wanaotoboa gamba na kufunga jeki mbili, nyekundu na nyeupe, zenye kushika imara jukwaani. Kuna wanaokata njia za shaba za tundu la hedifoni na kulitumia hilohilo, gamba likabaki zima. Wenye kuheshimu vitu vya kale huona njia ya kwanza ni uharibifu. Lakini gamba la badala linanunulika, bao halisi la ndani, la 1989, halitengenezwi tena, na njia iliyokatwa inataka mkono mzuri kuiunga; tena mpigaji amepoteza hedifoni za kufanyia mazoezi ndani ya basi. Mimi ningechagua shimo safi. Vyovyote iwavyo, omba picha ya ndani iliyopigwa kabla gamba halijafungwa: viungo vya lehemu ving'ae na viwe vidogo, nyaya ziwe fupi na zimebanwa zisivutwe, na pasiwe na gundi ya moto iliyomwagwa juu ya kila kitu, kwani chini ya gundi kiungo kibovu hakionekani. Kisha chomeka waya, shikilia noti moja ndefu, na uzungushe plagi taratibu kati ya vidole ukisikiliza kama noti inakwaruza.