Mwanga unatoka kifunikoni: Epson V600 yakutana na negativu za Kisangani

Ametokea! Negativu ya sentimita sita kwa sita, iliyolala gizani tangu enzi za Zaire, imefunguka kwenye skrini, na ndani yake kijana amesimama studio akiwa na suti ya abakosti, mkono mmoja juu ya usukani wa baiskeli, pazia la mandhari nyuma yake. Nakuza picha, naona mshono wa kola. Nakuza tena, naona vifungo kimoja kimoja, naona spoki za gurudumu, naona hata mkunjo wa pazia pale lilipogusa sakafu. Nimepiga ukelele mpaka jirani akaingia kuuliza kuna nini, na baada ya kuangalia hakutoka tena. Alivuta kiti akadai tuweke inayofuata.

Mashine yenyewe ni Epson Perfection V600 Photo. Duniani si ngeni, ilitoka mwaka 2009, lakini kwangu mimi hapa Makiso, Kisangani, hii ni mara ya kwanza kuifungua kutoka kwenye boksi na kuiweka mezani, na natamani kila mwenye sanduku la negativu chini ya kitanda, kuanzia Mangobo hadi Lubunga, aje aione ikifanya kazi.

Siri iko kwenye kifuniko. Skana za kawaida humulika karatasi kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi. Filamu haisomeki hivyo: mwanga lazima uipenye. Kwa hiyo V600 ina taa ya pili juu. Unang'oa lile bamba jeupe la ndani ya kifuniko, unaona dirisha la mwanga, unalaza filamu kwenye kishikizi chake juu ya kioo, na mwanga unashuka ukipita katikati ya picha. Basi. Ndiyo maana nawasihi wanaokwenda soko kuu au wanaoagiza kwa ndugu walio Kampala na Dubai: usikubali maneno ya “hii inaskani kila kitu”. Zile skana nyembamba za bei nafuu zinazokula umeme wa waya wa USB, kama Canon LiDE 300 na 400, ni nzuri kwa vyeti na hati, ila filamu hazisomi. Hazina taa juu. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hilo hilo: kifunikoni kuna taa?

Sasa niseme kwa nini moyo unanidunda. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walipita Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na kuingia misitu na mbuga za kaskazini-mashariki kwa niaba ya jumba la makumbusho la American Museum of Natural History la New York. Lang alipiga picha karibu 10,000. Leo picha za safari ile zimehifadhiwa New York, na nyingi unaweza kuziona kwenye intaneti ukiwa umekaa hapa hapa ukingoni mwa mto. Lakini zile tulizojipiga wenyewe? Zile za mafundi wa studio zetu, za arusi, za ubatizo, za wavuvi Wagenia kwenye majukwaa yao ya miti, za wanafunzi wa chuo kikuu kilichofunguliwa hapa mwaka 1963? Hizo ziko kwenye makopo ya maziwa na bahasha zilizoliwa na mende. Jiji hili lilipita vita vya 1964, likapita Juni 2000 mizinga ya majeshi mawili ya kigeni ikilia juu ya nyumba zetu, na bado kuna familia zilizokimbia zikiwa zimebeba negativu. Negativu hizo hazistahili kuozea ndani baada ya kunusurika hayo yote.

Na habari njema, tena njema kupita kiasi, ni kwamba umbo la negativu zetu linaipenda skana bapa. Sikilizeni hesabu hii. Boksi la V600 linajisifu nukta 6,400 kwa inchi. Waliopima kwa vibao vya mistari myembamba wamekuta mashine inaona kweli nukta kama 1,500 tu. Zinazobaki zinajaza faili bila kuongeza kitu. Ukisikia hivyo unaweza kuvunjika moyo. Usivunjike! Filamu ndogo ya milimita 35, ambayo picha yake ni milimita 24 kwa 36, inakupa megapikseli kama tatu: inatosha kuchapisha vizuri sentimita 12 kwa 18, saizi ya albamu. Lakini ile ya sita kwa sita, filamu ya kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica walizozipenda mafundi wa studio, inakupa kama megapikseli kumi na moja. Hiyo ni picha ya sentimita 28 kila upande, ya kutundika ukutani sebuleni, kutoka kwenye mashine ya watu wa kawaida! Ndiyo maana zile spoki zimeonekana.

Mimi naskani sita kwa sita kwa nukta 2,400, rangi za kijivu zenye biti 16, faili la TIFF. Kila moja inakuwa na megabaiti kama 56. Andaa diski ya nje, na nyingine ya pili ikae nyumba tofauti.

Kishikizi kinapokea vipande viwili vya filamu ndogo, picha 12 kwa mkupuo, au slaidi nne, au ukanda mmoja wa filamu pana. Ni plastiki nyepesi. Kishike kwa upole. Hapo kwenye kichwa chake kuna nafasi iliyo wazi ambayo mashine huitumia kupima mwanga wake kabla ya kuanza. Isifunikwe na chochote, hata kona ya filamu, la sivyo picha nzima inatoka na mistari.

Slaidi za rangi zilinifanya nisimame. Kuna kitu kinaitwa Digital ICE: mashine inamulika filamu mara ya pili kwa mwanga wa infraredi, ambao unapenya rangi za filamu lakini unazuiwa na vumbi na mikwaruzo, hapo inajua uchafu uko wapi na kuufuta. Slaidi moja ya mto wakati wa machweo ilikuwa imejaa madoadoa, na ikatoka safi kama imepigwa jana. Inachukua dakika kadhaa kila picha, nami naisubiri kwa furaha. Angalizo kubwa lakini: kwa filamu nyeusi-nyeupe zima ICE kabisa. Fedha iliyomo kwenye filamu hizo nayo huzuia infraredi, hivyo mashine inaidhani picha yenyewe ni uchafu na kuivuruga. Hizo zinataka brashi laini, pampu ya mpira ya kupulizia, na mikono iliyovaa glavu za pamba.

Na unyevu wetu! Hakuna adui mkubwa kuliko huo. Filamu za hapa zinapinda, zinaota ukungu upande wenye dawa, na nyingine zikifunguliwa zinanuka siki kwa sababu plastiki yake inaoza. Zenye harufu hiyo ziskani kwanza na uzitenge na nyingine. Zinazopinda ndizo zinazoonyesha udhaifu wa V600: kishikizi chake hakiwezi kuzinyoosha vya kutosha, na filamu ikigusa kioo zinatokea zile pete za Newton kama mafuta juu ya maji. Zilaze kwanza katikati ya kurasa za kitabu kizito, na karatasi safi pande zote mbili.

Je, Epson V850 Pro ya mwaka 2014? Nimeitamani, sifichi. Inaona kweli nukta kama 2,300, vishikizi vyake vinarekebishwa urefu na vina kioo maalumu cha kuzuia pete, na inasoma filamu hadi sentimita 20 kwa 25, wakati dirisha la V600 halifiki upana wa sentimita saba. Bei yake ni mara tatu au nne. Kwa familia au fundi wa studio siishauri. Ila mwenye vioo vya zamani, zile negativu za kioo, kati ya mashine hizi mbili hana njia nyingine. Nafikiria misheni kama Saint-Gabriel, iliyoanzishwa na Padri Gabriel Grison mwaka 1897, nafikiria kituo cha utafiti cha Yangambi kilichoanza 1933: popote penye vioo vya aina hiyo, V850 ndiyo ya kununua, tena kwa kuchangiana.

Kuhusu umeme, hapa V600 imeniteka kabisa. Taa yake ni ya LED, haihitaji kupashwa moto kama skana za kale, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi unaendelea mara moja. Inatumia kidogo; betri ya sola yenye inveta nzuri inaiendesha pamoja na kompyuta ndogo. Programu ipakue mapema, penye intaneti ya nguvu. Na ukipata skana ya mtumba ambayo kompyuta mpya haiitambui, VueScan ya kulipia huzifufua nyingi.

Hukumu yangu: kwa negativu za sita kwa sita, nunua V600 bila kusita. Kwa milimita 35 za albamu, nunua V600 pia. Kwa vioo, subirini mchange mnunue V850. Ila kabla ya kutoa hata dola moja, chukua rula, fungua lile sanduku, pima filamu zako.